Asilimia ya Kuota

Mama alihamia Mbagala na vitu vitatu:
kanga mbili za misibani,
redio isiyo na antena,
na kibuyu cha mahindi kutoka Matombo,
mdomo umezibwa kwa gunzi.
Alikipandisha juu ya kabati la jikoni.
Akasema: ile ni benki, msiiguse.

Mimi kazi yangu ni kuhesabu.
Chang'ombe, chumba cha nyuma, feni moja.
Mbegu mia nne kwa kila sampuli,
mia mia juu ya karatasi iliyolowa,
nazikunja kama mkeka, nazisimamisha ndooni.
Siku ya nne natazama. Siku ya saba nahukumu:
mche mzima, mche kilema, mbegu mfu.
Fomu haina safu ya "huenda".

Wenye maduka wananijua.
Juzi Bwana Shempemba alileta mahindi
yaliyopakwa waridi kama kucha za harusini.
Sitini na mbili kwa mia.
Akacheka: "Dada Flotea, tisini ni maneno tu,
wewe andika."
Nikaandika sitini na mbili.
Rangi haioti.

Lakini Jumatatu ile nilishusha kibuyu.
Miaka mitatu ya jasho la Dar!
Kazini tuna kabati la kuzeesha mbegu,
joto la homa, unyevu wa mdomoni,
siku tatu tu, na dhaifu hujitaja.
Mama naye, bila kujua,
alizizeesha zake juu ya jiko la gesi.
Kule Matombo zilikaa darini, penye moshi;
moshi ulizikausha, ukawafukuza dumuzi.
Hapa zilikunywa mvuke wa wali.

Chache nilizipasua,
nikazitia dawa inayowekundisha kilicho hai.
Viini vikanitazama vyeupe, vyeupe kama meno.
Mia moja nikazikunjia karatasi.
Siku ya saba:
kumi na moja.

Nilishuka Rangi Tatu nikatembea polepole,
nikanunua muhogo nisioutaka.
"Zimeota ngapi?"
"Kumi na moja."
"Kati ya kumi na tano?"
"Kati ya mia, mama."
Akazima jiko.
"Hesabu tena."

Nikahesabu tena.
Usiku ule akaota, aliniambia asubuhi,
baba anapalilia, amempa mgongo,
hageuki hata akiitwa.
"Na kuota huku," akauliza, "mnakupimaje?"
Nikajifanya natafuta viatu.

Sasa zile kumi na moja ziko uani,
kwenye madumu ya mafuta niliyoyakata vichwa,
kati ya kamba ya nguo na choo cha wapangaji.
Najua nilichosomea: kumi na moja ni ukoo mdogo,
ndugu watachukuana, kizazi kitadumaa.
Najua pia kwamba fundi Pazi, ng'ambo ya ukuta,
kapanda chotara za dukani,
na chavua haina adabu, haibishi hodi.
Basi kila hindi changa nimelivika
mfuko wa kaki, ule wa kufungia karanga,
na alfajiri, kabla sijaenda kazini,
nakung'uta mbelewele za huyu
juu ya ndevu za yule.
Wapangaji wanapita na ndoo zao:
"Flotea anaozesha mahindi!"
Ndiyo. Themanini na tisa zilioza.
Hizi naziozesha.

Nimenunua kopo lenye mfuniko wa mpira,
nimekausha mkaa wa kuweka chini yake.
Mama amelitazama kama mtu anayeoneshwa
picha ya mkwe asiyempenda.
Kibuyu kimerudi juu ya kabati, kitupu,
gunzi mdomoni. Sikukirudisha mimi.

Leo mimea tisa imetoa ndevu.
Mama, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kidole chake kikienda dumu kwa dumu,
amehesabu kumi.
Sijabisha.